Chaza Walionona

Siku ile nilitakiwa nitoe jibu kabla jua halijazama. Wajomba zake Fundi walikuwa wanakuja Jumapili kuleta posa, mama mdogo alikuwa ameshaazima viti kwa jirani, na mimi nilikuwa bado sijasema ndiyo wala hapana. Ndiyo maana mama mdogo akapanga tutoke mchana, mimi na Fundi, tutembee ufukweni tuzungumze, na yeye aje nyuma yetu na ndoo yake, watu wasije wakapata la kusema.

"Unamchambua mtu kama mchele," aliniambia, huku akipapasa chini ya kitanda kutafuta kisu chake cha chaza. "Mwanamume msafi, ana kazi, anasalimia wakubwa. Unataka aote mabawa?"

"Nataka nimtazame tu, mama mdogo."

"Kutazama, kutazama! Mwishowe utabaki na macho yako hayo makubwa, watoto wa wenzako wakikuita shangazi."

Bibi alicheka kule kitandani kwake, kicheko kidogo, maana tumbo lilikuwa bado halijamwachia vizuri.

Mimi ni mtu wa kutazama, siwezi kukataa. Nafua mashuka katika nyumba ya wageni iliyo juu ya ufukwe, na kufua hakuhitaji maneno. Mikono inakwenda, macho yanabaki huru. Fundi alianza kuja pale mvua zilipokwisha, kutengeneza mambo ya choo. Kila mtu alimshangaa. Fundi bomba gani anatoka chooni na shati limenyooka kama anakwenda harusini? Kucha fupi, viatu vinang'aa, leso nyeupe mfukoni. Wapishi wakamwita Nadhifu, na jina likamganda. Alipoanza kunisalimia mimi kabla ya wengine, nilifurahi. Mtu anayeshinda na mashuka ya wageni, na yale ambayo wageni huyaacha ndani ya mashuka, anaona raha kusimama karibu na mwanamume asiyenuka.

Tulimkuta anatungoja kwenye ngazi za kushukia mchangani. Viatu alikuwa ameshavivua, kavitia kwenye mfuko wa nailoni, suruali kaikunja mara mbili mbili sawasawa, mguu huu na huu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu," mama mdogo akasema, na mimi nikamkanyaga mguu. Akajifanya hakusikia. "Tangulieni, tangulieni. Mimi sina habari na nyie, nina habari na chaza."

Yalikuwa maji ya bamvua, yale ambayo bahari inatoka kabisa, mpaka miamba ya chini inaonekana na unaweza kutembea mahali ambapo siku nyingine hupita mashua. Siku za maji mafu haiwi hivyo. Bahari inasogea kidogo, inarudi, kama mtu mvivu anayegeuka kitandani. Wageni wetu wanapenda kupiga picha za bamvua. Mimi sipendi. Bahari ikijaa inafunika mambo yake, ikitoka inayaacha wazi. Mchana ule ilikuwa imeacha nepi ya mtoto imevimba kama mkate, samaki bunju amepasuka tumbo na nzi wamemjaa, na mwani uliooza ambao ukiukanyaga unatoa maji meusi katikati ya vidole. Kila hatua kitu fulani kilifyonza unyayo wangu kikauachia. Fundi alikuwa anatembea kwa ncha za vidole, kama mtu anayepita jikoni kwa watu.

"Nimepata vyumba viwili," akaanza. "Vina vigae mpaka ukutani. Choo cha ndani. Nitakiweka mwenyewe, kisinuke hata siku moja."

"Vizuri."

"Wewe huna swali?"

"Nasikiliza."

Akacheka. "Wenzio wangeshauliza rangi ya mapazia."

Alikuwa anaongea vizuri, na kwa muda nilijiona ndani ya vyumba hivyo, nimekaa kwenye vigae, miguu imekauka. Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Nasema kweli, neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini niliona kitu. Kila tulipotaka kuelekea upande wa miamba, ile iliyo chini ya nyumba ya wageni, Fundi alinigusa kiwiko akanigeuza. Mara ya kwanza akasema kule kuna mawe makali. Baadaye akasema upande wa pili kuna upepo mzuri. Nikageuka. Tukienda hatua chache mkono wake unatafuta kunigeuza tena, na macho yake yanaruka begani kwangu, yanakwenda kule kule miambani.

Nikatazama anakotazama. Mama mdogo alikuwa ameinama juu ya mwamba, kanga kaifunga kiunoni, kisu kinabandua chaza, ka, ka, ka. Alipoona namtazama akainua mmoja juu.

"Njooni muone! Wa huku wamenona, wamekuwa kama vidole vya tajiri! Miaka yote walikuwa makapi!"

"Mama!" Fundi akaita. "Jua kali, mama, turudi!"

"Jua limenizaa! Endeleeni na yenu!"

Akainama tena. Fundi akatoa leso akajifuta juu ya mdomo, na leso ikakaa pale pale, haikurudi mfukoni. Ndipo upepo ukageuka, na mimi nikaipata harufu.

"Mwani huo," akasema upesi, kabla sijauliza.

Mwani uliooza naujua. Unanuka kama yai. Hii ilikuwa harufu nyingine, nzito, ya joto, inayokaa nyuma ya koo na kugoma kushuka. Na ndani yake kulikuwa na kingine kilichonistaajabisha zaidi, kwa sababu kilikuwa changu: sabuni. Sabuni ile ya buluu ya nyumba ya wageni, ambayo mikono yangu inanuka hadi Jumapili. Sabuni yangu ilikuwa inafanya nini katikati ya bahari?

Nikaanza kwenda. Akanishika kiwiko, nikakitoa taratibu. Akanifuata nyuma akisema utelezi, utaanguka, ngoja kwanza, lakini hakunipita mbele.

Bomba lilikuwa limetokeza chini ya mchanga, la kijivu, nene kama paja, limefuata ufa wa mwamba mpaka kwenye kijiziwa kidogo kilichobaki maji yalipotoka. Mdomoni mtu alikuwa amerundika mawe kulificha, na mawimbi yalikuwa yameyasogeza. Halikutoa maji kwa mfululizo. Lilikuwa linanyamaza, linakoroma kama mzee mwenye makohozi, halafu linatapika. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya maziwa, povu la buluu juu yake, karatasi zilizolainika, nywele ndefu za wageni zimejisokota kama panya aliyekufa maji, na vile vingine ambavyo sina haja ya kuvitaja, kila mtu anavijua. Vilizunguka zunguka ndani ya kijiziwa. Kamba wadogo walikuwa wanavidonoa. Na mwamba wote wa pembeni, kuanzia chini mpaka usawa wa magoti yangu, ulikuwa umejaa chaza, wanene, wameshikana bega kwa bega, kama watu waliokaa mezani.

Mate yalinijaa mdomoni. Nilisimama nikiyameza, nikaona hata kumeza ni vibaya, nikatema.

"Ni kazi yako hii," nikasema.

Alikuwa anatazama miguu yake, pale ambapo povu lilikuwa limefika vidoleni. Akarudi nyuma hatua moja.

"Shimo lilikuwa limejaa," akasema. "Tajiri anataka wageni waingie wiki ile ile. Nikamwambia tupeleke baharini, bahari kubwa. Nikapima vizuri. Nilikuja hapa wiki nzima kila siku, nikaangalia maji yanaishia wapi yakitoka, nikaweka alama, nikavuka alama nikalaza bomba mbele zaidi. Lilitakiwa liwe chini ya maji siku zote."

"Ulipima siku za maji mafu."

"Nilipima siku nilizokuwa na kazi! Kwetu hakuna bahari. Mimi ningejuaje kwamba ina siku za kutoka kidogo na siku za kutoka mpaka huku?"

Kusema kweli, hapo nilimhurumia. Kosa la kupima siku za maji mafu ni kosa la mgeni, na mgeni hakosi kwa kupenda. Ningeweza kuolewa na kosa lile. Tungelirekebisha, tungelicheka hata. Nikamwuliza, sauti yangu imetulia kabisa:

"Umejua lini?"

"Bamvua iliyopita. Nilikuja nikaweka mawe."

"Iliyopita."

"Nimeshamwambia tajiri. Atachimba shimo jipya wageni wakipungua."

Bamvua iliyopita mama mdogo alirudi na ndoo imejaa. Kesho yake Fundi alikuja nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, kujitambulisha. Mama mdogo aliwachemsha chaza wote, akakamulia ndimu, sahani ya kwanza akamsogezea mgeni. Na mgeni akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akasema, samahani mama, chaza wananiwasha mwili. Tukamwonea huruma. Tukasema maskini, hajui utamu. Tukala sisi. Mimi nilikula mpaka nikalamba vidole, na yeye amekaa kwenye kiti mbele yangu anakunywa chai ya rangi, ananitazama nikilamba. Usiku tulipokezana mlango wa choo, nyumba nzima, na bibi tangu siku ile hajasimama sawasawa. Asubuhi yake yeye ndiye aliyemletea dawa. Mama mdogo alilia kwa shukrani.

"Chaza wanakuwasha mwili?" nikamwuliza.

Akauhamishia mfuko wa viatu mkono wa pili.

"Fundi. Wanakuwasha?"

"Ningesemaje?" akasema kwa sauti ya chini. "Siku ya kwanza, ugenini, mbele ya wazee. Ningesema nini? Halafu mmechemsha. Ukichemsha vinakufa."

"Nini vinakufa?"

"Hivyo... vijidudu."

"Na hicho kingine? Kikichemka kinageuka nini?"

Alikunja uso kama aliyesikia tusi, na kweli, nadhani kilichomuudhi ni mimi kulisema jambo lile kwa maneno. Akaipitisha leso katikati ya vidole vya mikono, kidole kimoja kimoja. Ilikuwa nyeupe bado.

Wakati huo mama mdogo alikuwa amezunguka mwamba, karibu sana na sisi, ila alikuwa ametupa mgongo na pua yake imeziba tangu juzi kwa mafua. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Akakaa juu ya jiwe, akachagua mmoja mkubwa. Mama mdogo ana desturi yake: hafungi kazi mpaka aonje mmoja mbichi, anasema ndiye mshahara wake, wengine ni wa nyumbani. Akaingiza kisu, akamfungua. Akamchovya kwenye kijiziwa kumwosha mchanga. Katika kijiziwa kile kile.

Nikamtazama Fundi. Yeye pia alikuwa anaona. Nilitaka aseme yeye. Nilimpa nafasi, neno moja tu, mama acha, hata kama asingeeleza. Mdomo wake ukafunguka. Halafu akanishika kifundo cha mkono, akakibana, akaninong'oneza sikioni, na pumzi yake ilinuka karafuu:

"Nyamaza. Mmoja haui mtu. Nitawaeleza nyote tukifika nyumbani."

"Mama mdogo, tema!"

Sikujua nina sauti kubwa hivyo. Kunguru waliruka. Mama mdogo alikuwa ameshamtia chaza mdomoni. Akageuka, mashavu yamejaa, macho yametoka.

"Tema! Tema sasa hivi!"

Akatema mapajani mwake mwenyewe. "Nini? Ana lulu?"

Nikamwonyesha bomba. Akainuka, akaja, akainama. Bomba likachagua wakati ule kukoroma. Likatapika. Mama mdogo akasimama anatazama, maji yanapita juu ya vidole vyake vya miguu. Akainua mkono wake wa kulia puani, akavuta, mafua na yote. Akavuta tena. Akamgeukia Fundi, sauti ya upole kabisa.

"Mkwe. Hiki ni nini?"

"Mama, ni... ni bomba la maji ya mvua."

"Mvua."

"Ndiyo, mama. Ya paa."

"Mwanangu, juu ya paa lenu kunaishi nani?"

Halafu akatapika. Nilimshika kiuno, nikamshika kilemba kisianguke, naye anatapika na kutukana kwa zamu, anatukana choo, anatukana bahari, anatukana viti alivyoazima. Fundi alimnyooshea leso. Mama mdogo aliipiga ikaruka, ikaenda kutua kijiziwani, ikaanza kuzunguka na vile vingine. Fundi aliitazama inazunguka. Hakuiokota.

Mbali kidogo, kwenye miamba ya nje, kulikuwa na wanawake wengine wa chaza, wameinama na vikapu vyao. Walikuwa wamesikia kelele. Mmoja mmoja walikuwa wanainuka, mkono juu ya macho. Fundi akawaona. Rangi ikamtoka.

"Sikiliza," akaniambia. Alinijia mbele sasa, yule ambaye muda wote alibaki nyuma. "Sikiliza, tafadhali. Wale wakijua, kesho mji mzima unajua. Hakuna atakayenipa hata bomba la jikoni. Na tajiri atakuuliza wewe nani aliyesema. Unafikiri utabaki na kazi? Wacha nimalizane na tajiri kimya kimya. Wewe utakuwa mke wangu. Nisitiri."

"Na vikapu vile?"

"Vipi?"

"Wamejaza vikapu. Wanakwenda kuuza. Leo jioni."

Akatazama vikapu, akanitazama mimi. Nilimwona anapima, kama alivyopima maji, haraka haraka, kwa siku alizokuwa nazo.

"Hawakuokota hapa karibu," akasema. "Wengi wao wameokota kule."

Nikaichukua ndoo ya mama mdogo. Ilikuwa nzito, mkono ulinivuta bega. Nikaimwaga pale pale mbele ya mdomo wa bomba, chaza wakaanguka juu ya mawe yake na kelele kubwa, na maji yakaniruka usoni na kwenye midomo. Sikuyafuta na mkono, maana mkono ulikuwa umeshika ndoo. Nikayafuta na bega.

Nikawaendea wale wanawake. Njia nzima nilikuwa nawaza chumba cha kufulia, na beseni langu, na nani atafua mashuka Jumatatu. Nikawaza vyumba viwili vyenye vigae. Lakini kila nilipoviwaza, nilijiona ndani yake nimekula, na yeye amekaa kiti cha pili na chai yake, ananitazama nikila.

Niliwaambia. Sikupamba. Nilisema bomba la choo cha nyumba ya wageni linatokea pale, chini ya miamba, tangu mvua zilipokwisha, na maji yakijaa uchafu unatembea mpaka huku. Kwanza hawakuniamini. Mmoja akasema nina wivu wa sehemu, nataka waondoke nibaki na mama mdogo wangu. Mwingine, mama mmoja mnene mwenye meno mapana, akanusa kikapu chake, akacheka.

"Mimi nilisema! Nilisema wamenona sana. Mume wangu ananiambia ni neema."

"Neema ya mgeni wa chumba cha juu," mwenzake akasema, na wakacheka wawili, kicheko kibaya, huku mmoja wao anaanza kutoa machozi. Akaketi kwenye mwamba na kikapu mapajani. Alikuwa na mimba kubwa. "Juzi nimekula," akasema. "Juzi nimekula wengi."

Hakuna aliyecheka tena.

"Nani aliyelilaza?" mama mnene akaniuliza.

Niligeuka. Fundi alikuwa amekwisha kuanza kuondoka, lakini taratibu, anachagua pa kukanyaga, mfuko wa viatu kaushika juu usiguse kitu. Ningeweza kusema sijui. Kule mbali alionekana mtu yeyote tu, mtu aliyekunja suruali.

"Yule pale," nikasema. "Fundi wa nyumba ya wageni. Yule anayevuka mwani."

Wakaacha vikapu, wakamwendea, wote pamoja, visu vya chaza bado mkononi, si kwa ubaya, walivisahau tu. Alipowaona akaongeza mwendo, na ule mwendo wa ncha za vidole ukaisha. Alianza kukanyaga nyayo nzima ndani ya mwani, ndani ya tope, ndani ya kila kitu.

Mama mdogo alikuwa anakuja upande wangu, anaburuza miguu, ameshika pembe ya kanga anasugua nayo ulimi. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Akasimama kando yangu, tukawatazama wanawake wanavyompungia mikono asimame.

"Nilikuwa nimeshamwita mkwe mpaka sokoni," akasema.

"Najua."

"Hata mimi, nilipomchovya yule chaza, ulikuwa unanitazama tu?"

Akatema, akasugua tena ulimi, akaniangalia usoni.

"Una kitu hapa," akasema, akanyoosha kidole kwenye kona ya mdomo wangu. Kisha akakumbuka mkono ule umetoka wapi, akaurudisha.